Jinsi ya Kuchemsha Pipa Bila Kujichemsha Mwenyewe

Kwanza kabisa, hongera kwa chombo. Pipa la lita 200 limepasuliwa ubavuni, nusu zake mbili zimeungwa kichwa kwa kichwa, na sasa una hodhi ambalo mtu mzima anaweza kulala ndani yake akanyoosha miguu. Limewekewa miguu minne ya nondo, mitatu kati yake ikiwa inalingana. Tundu la zamani la kifuniko limezibwa kwa kipande cha ndala. Fundi wa kuchomelea ameapa kwamba ni kazi ya maisha, akachukua hela yake, akapanda bodaboda. Majirani wamepita mmoja mmoja kutazama. Kwa leo, hapa Usevya, hakuna anayeogea chombo kikubwa kuliko chako ukiwaacha viboko wa Hifadhi ya Katavi, ambao wao wanatumia mto Katuma na hawajawahi kumlipa fundi.

Limebaki jambo dogo tu, nalo ni kulichemsha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, ndugu mchemshaji, pamoja na majirani zako wa Kibaoni na Majimoto. Anayesoma akiwa Mpanda mjini naye karibu, ingawa itambidi apite Sitalike na kukatiza hifadhi ndipo aje kulishuhudia pipa. Sitakuuliza kwa nini ulilitengeneza. Watu waliojenga mnara wa Babeli nao hawakuulizwa mapema.

Ila kuna swali moja ambalo wataalamu wa mapipa hulichukia, na mimi nalazimika kuliuliza kwa sababu shemeji yako hataliuliza: hayo maji ni ya nini? Linachukiwa kwa sababu majibu yake yote yanaliharibia pipa sifa.

Tuseme ni ya kuoga, maana baridi ya Juni imeingia na mzee hataki tena kujimwagia maji ya kisima alfajiri. Maji ya kuoga yanayompendeza binadamu yana nyuzi 40 hivi. Maji ya kutokota hapa kwetu yana nyuzi 97. Ndiyo, 97, si 100 ya kitabu cha shule, kwa sababu bonde la Ziwa Rukwa lenyewe limeinuka takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari, na sisi tumekaa juu yake kidogo. Kwa hiyo unapotangaza kwamba unachemsha maji ya kuoga, unatangaza kwamba utayapandisha nyuzi hamsini na kitu zaidi ya mahitaji, kisha ukae pembeni unayapepea kwa mfuniko wa sufuria hadi yashuke.

Au ni ya nguruwe wa Krismasi? Hapo pipa lingekuwa na hoja, kwa ukubwa wa mnyama. Lakini muulize mchinjaji yeyote anayejua kazi: maji ya kunyonyolea nguruwe yanatakiwa nyuzi 60 hadi 65. Ukimzamisha kwenye maji yanayotokota, ngozi inaiva na kukaza kabla manyoya hayajalegea, na utakula kitimoto chenye ndevu.

Au ni ya kunywa? Hayo kweli yachemshwe. Bonde letu si geni kwa kipindupindu, na hapa siwezi kutania. Lakini maji ya kunywa hayahitaji kutokota nusu saa kama tunavyofanya kumridhisha bibi afya. Yakishafika mahali yanapofurukuta yenyewe, dakika moja inatosha. Dakika 3 ni za watu wanaoishi juu ya mita 2,000, na huko wana matatizo mengine. Shida ya pipa iko baadaye: maji safi lita 200, wazi, kando ya banda la kuku, yakichotwa kwa kopo ambalo limetoka kuchota mengine. Hadi jioni umerudi ulipoanzia, ukiwa na kuni pungufu. Maji ya kunywa yachemshwe kwa sufuria na yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Asiye na kuni ajaze chupa safi za plastiki zinazoonyesha ndani, zile za lita moja au moja na nusu, azilaze juu ya bati kwenye jua kali saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Jua la Katavi linaua vijidudu bila kutoa risiti.

Au mama mkwe amewasili kumkanda mzazi, na ndiye aliyeagiza pipa. Hapa naiweka kejeli pembeni kwa aya hii moja. Maji ya kutokota hayana kazi yoyote kwenye tumbo la mwanamke aliyejifungua. Mfuko wa uzazi hunywea wenyewe na damu hutoka yenyewe; taulo lililotoka jikoni huacha malengelenge, na kwa aliyezaa kwa upasuaji huweza kuharibu mshono. Aoge maji ya uvuguvugu yanayovumilika kwa kiwiko, basi. Mama mkwe aelezwe hayo kwa heshima zote, ikiwezekana na muuguzi ambaye si mkwe wake.

Umeona tunakoelekea. Karibu kila shughuli iliyokufanya utamani kuchemsha pipa haihitaji pipa lichemke. Lakini najua hilo halitakuzuia, kwa kuwa wageni wameshaambiwa. Kwa hiyo tuingie kwenye njia zenyewe.

Njia inayopendwa na shemeji aliyesoma kidogo ni umeme. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa huu, tangu tukiwa Rukwa na hata baada ya Katavi kuzaliwa mwaka 2012, ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, kwa hiyo mtu wa huku akiona soketi inawaka anakuwa na shukrani kubwa, na hutafuta kitu kikubwa cha kuifanyia. Shemeji atakuja na hita ya kuzamisha, ile ya msokoto, yenye wati 1,500, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya ndoo. Tufanye hesabu kwa niaba yake. Kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 25 hadi 97 kunataka yuniti karibu 17 za LUKU. Hita ya wati 1,500 hutoa yuniti moja na nusu kwa saa. Maana yake ni saa 11, na hiyo ni kama pipa limevikwa blanketi na upepo umeombwa radhi. Pipa lako liko wazi, uani, na ni la chuma. Joto linaloingia kwa hita litakuwa linatoka kwa ubavu na kwa mvuke, na ikifika usiku wa manane vitu viwili hivyo vitalingana. Maji yatabaki vuguvugu hadi yuniti ziishe, na shemeji atasema umeme wa siku hizi ni mwepesi.

Hayo ni mabaya ya mfukoni. Mabaya ya mwili ni kwamba umechukua hodhi la chuma, ukalijaza maji, ukatia waya, na umewaalika watu wasiovaa viatu. Hita ikipasuka ganda lake, pipa zima ni waya. Ndiyo maana sheria ya hita hata kwenye ndoo ya plastiki ni ileile: chomoa kwanza kwenye soketi, ndipo utie mkono kupima. Shemeji hupima kwanza.

Kuna pia mtambo wa viwembe, unaojulikana sana na waliowahi kukaa hosteli. Ni wa bei nafuu, hauna swichi, hauna ganda na hauna rafiki. Wenyewe hupitisha umeme katikati ya maji yenyewe, si kwenye waya uliofungwa ndani ya bomba, kwa hiyo maji ndiyo hita. Kwenye kikombe cha chai umewatia watu kilio. Kwenye pipa la chuma la lita 200 sina la kukueleza zaidi ya kwamba mwenyekiti wa kitongoji atataka kujua nani alikuwa wa mwisho kukuona.

Basi tuhamie kwenye gesi, maana nchi nzima inahamia huko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Nimeuelewa vizuri: hautaji pipa mahali popote. Mtungi mdogo wa kilo 6, ule wenye jiko lake kichwani, umebuniwa kubeba sufuria ya maharage. Ukilipandisha hodhi lako juu yake, umeweka zaidi ya kilo 200 juu ya koki ya gesi. Kuna watu wawili tu duniani wanaoweza kupanga jambo la aina hiyo: adui yako, na wewe ukiwa na wageni. Hata kama lingesimama, kuchemsha pipa kungekula gesi kilo mbili na nusu hivi, yaani karibu nusu ya mtungi, na kwa moto wa jiko dogo kama lile ungefika kesho kutwa ukiwa bado unasema linakaribia.

Tunarudi nyumbani basi, kwenye kuni. Na kwa kuni hatuhitaji kufundishwa: huu ni mkoa wa tumbaku, na aliyewahi kulisha bani usiku kucha ili majani yakauke anajua gogo linaweza kuliwa kiasi gani. Lakini mafiga matatu ni mlaji mkubwa. Joto linaloingia kwenye chombo ni kama sehemu moja kwa nane hivi ya lile lililomo ndani ya kuni. Linalobaki hupasha moto upepo unaoelekea Ziwa Rukwa. Kwa pipa lako, hesabu inakuja kwenye kilo 30 za kuni kavu, na zikiwa mbichi usihesabu, anza tu kulia mapema, moshi utakusaidia. Pumba za mpunga zinaweza kuokoa sehemu ya gharama. Milima yake iko nyuma ya kila mashine ya kukoboa, wachoma matofali wanaijua thamani yake, na jiko la kopo lililoshindiliwa pumba na kuachiwa tundu katikati huwaka taratibu kwa saa nyingi bila kupulizwa. Hilo ni pendekezo la kweli. Limejificha katikati ya mzaha kwa sababu likikaa peke yake hamlisomi.

Sasa sikiliza mambo ya mafiga, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Maji hayo yana kilo 200 kabla ya kuhesabu chuma. Yamewekwa juu ya mawe matatu, au juu ya miguu minne ya nondo ambayo mmoja wake hugusa ardhi siku za sikukuu tu, na nondo ikishika wekundu inalainika. Udongo wetu mweusi wa mbugani ni mzuri kwa mpunga na mbaya kwa kila kitu kinachotaka kusimama wima. Mwaga maji kidogo pembeni ya jiko uone figa linavyoinama kumsalimia mgeni. Mawe nayo yasitoke mtoni. Jiwe la mtoni limenyonya maji miaka yote, na maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Jiwe halina nafasi hiyo, kwa hiyo linakwenda kuitafuta nje, na mara nyingi hupitia ulipochuchumaa.

Hesabu hiyohiyo ya mvuke ndiyo inayokataza ubunifu mwingine wa fundi, wa kulichemsha pipa likiwa zima na vifuniko vyake vimekazwa ili joto lisipotee. Joto halitapotea, kweli. Litakaa humo likijikusanya hadi pipa liondoke lenyewe, na bati la jirani litakuwa shahidi.

Na pipa lilikuwa na nini kabla yako? Hilo fundi hupenda lipitwe. Kama lilikuwa la petroli, kulikata kwa grenda likiwa tupu ni hatari kuliko likiwa limejaa, maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliobaki. Wanaojua huosha na kulijaza maji kabla ya cheche ya kwanza. Kama lilikuwa la lami, wageni watatoka weusi na wenye harufu ya barabara mpya. Kama lilibeba dawa ya shamba, au limetoka machimboni ambako wanachenjua dhahabu kwa sianidi, halioshwi likawa safi kwa sabuni ya mche wala kwa maombi. Lisitumike kuoga, kunywa, wala kunyweshea ng'ombe. Lisilo na historia inayoeleweka lihesabiwe kuwa na historia mbaya.

Wapo wanaouliza kwa nini tunahangaika wakati Mungu ameshachemsha. Hoja ina uzito: kijiji jirani kinaitwa Majimoto, na hakikupewa jina hilo kwa utani. Bonde la Rukwa ni sehemu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ardhi imepasuka chini, maji ya mvua yanazama hadi kwenye miamba yenye joto na kurudi juu yakiwa yamepashwa bila kuni hata moja. Wakenya waliliona hilo pale Olkaria, wakaanza kuzalishia umeme mwaka 1981. Sisi tuliunda kampuni yetu ya jotoardhi mwaka 2013 na tunaendelea na vikao. Ubaya ni kwamba chemchemi haina miguu. Ukiyabeba maji ya Majimoto kwa madumu hadi Usevya, unafika na maji ya Usevya. Ukilibeba pipa hadi Majimoto, umegundua kwamba kule hawakuwa wanahitaji pipa.

Hapa ndipo msomi wa familia huingilia kati kumtaja Erasto Mpemba. Ni haki yake. Huyo ndiye Mtanzania aliyelifanya jina letu liandikwe kwenye fizikia ya maji ya moto. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Mwalimu alimwona kachanganyikiwa. Mwaka 1969 akachapisha utafiti pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini. Kwa pipa lako hakuna msaada humo, isipokuwa ukiwa na friji ya lita 200. Lakini mpe msomi nafasi aongee. Anapoongea hagusi moto.

Labda nia yako ni kuoga humohumo ndani, hodhi likiwa juu ya moto. Usione haya, umetanguliwa. Wajapani wana bafu la chuma linalokokwa moto chini yake, na wameliita kwa jina la Ishikawa Goemon, mwizi anayesimuliwa kwamba alichemshwa hai mjini Kyoto mwaka 1594. Taifa zima limeamua kukumbushwa kila linapoingia kuoga. Na wamejifunza: kwenye bafu hilo kuna ubao unaoelea juu ya maji, muogaji anaukanyaga ukazama naye hadi chini, na miguu yake haikigusi kile chuma kinacholambwa na moto. Kwa hiyo weka ubao wa matundu chini na mwingine ubavuni, ondoa moto kabisa kabla ya kuingia, koroga maji maana ya juu na ya chini si ndugu, kisha pima kwa kiwiko. Mtu mwingine awepo, naye asiwe shemeji. Kipande cha ndala kwenye tundu kikagueni kabla. Mpira wa ndala haukubuniwa kwa ajili ya makaa.

Lakini fundi halisi wa kuchemsha mapipa yuko hapa hapa mtaani na hujawahi kumpigia hodi isipokuwa jioni. Ni mama anayepika pombe ya komoni. Yeye anachemsha pipa zima kila wiki na vidole vyake kumi bado anavyo. Angalia anavyofanya. Pipa lake halihami. Limepachikwa kwenye jiko la matofali ya kuchoma na udongo, limezungushiwa ukuta pande tatu, mdomo wa kuni uko upande mmoja tu, na upepo haujui pa kuingilia. Hapo tu ameokoa kuni ambazo wewe unazipeleka Rukwa. Analijaza likiwa tayari mahali pake, kabla ya moto, na halijazi hadi mdomoni. Anaacha nafasi ya shubiri moja ili maji yakichachamaa yasimrukie. Hakuna anayelinyanyua wala kulisukuma. Maji yanatolewa kwa kata ya mpini mrefu, debe linawekwa chini kwenye tambarare, linajazwa nusu, na linabebwa na watu wazima wasiokunywa bado. Mtoto akivuka mstari aliouchora ardhini kwa mwiko, mama hapigi kelele mara mbili.

Hayo ndiyo yote. Angeandika yeye mwongozo huu ungekuwa wa nusu ukurasa.

Na ukimwambia kwamba unataka lita 200 za kuoga, atacheka, kisha atakufunulia siri ambayo ingekuokolea gharama za fundi. Chemsha madebe mawili tu. Lita 42 za maji yanayotokota, zikichanganywa na lita 158 za maji ya kisimani, zinakupa hodhi zima la nyuzi 40. Kuni kilo 6 au 7 badala ya 30. Sufuria la shughuli linaazimwa, limezoea misiba na harusi, na mafiga yanalimudu. Hodhi lako zuri unaliweka chini kivulini, mbali na moto, pipa lisiungue, ndala isiyeyuke, miguu ya nondo isigombane.

Kuna utaratibu mmoja hapo ambao haubadilishwi: baridi kwanza, moto baadaye. Anayetangulia kumwaga ya moto na kwenda kisimani kufuata ya baridi ameacha mtego usio na mlinzi. Maji ya nyuzi 60, ambayo hayatoi hata mapovu, yanahitaji kama sekunde 5 kumuunguza mtu mzima vibaya, na mtoto hapewi hata hizo. Yenye nyuzi 70 hayampi mtu nafasi ya kusema aah. Kinachounguza watoto wa nchi hii mara nyingi ni chombo kilichokwisha kuipuliwa, kikawekwa sakafuni, na mama akageuka kutafuta sabuni.

Usilete jiko la mkaa bafuni wala chumbani eti maji yasipoe. Mkaa unaofuka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala usingizi akidhani ni uchovu wa shughuli. Wakati wa masika kishawishi hicho ni kikubwa. Vumilia maji ya baridi.

Jua nalo lisisahaulike, hasa kiangazi. Hodhi lililopakwa rangi nyeusi nje, likajazwa asubuhi na kufunikwa kwa nailoni au kioo cha dirisha la zamani, jioni litakuwa na maji ya kumridhisha mzee, na hakuna aliyechoma kitu. Wageni watalalamika kwamba hawakuona moto. Waonyeshe rangi.

Na ikitokea mtu ameungua, maana ulichagua njia ya shemeji, mambo ni machache. Mtoe kwenye maji ya moto, mvue nguo iliyolowa kama haijagandamana na ngozi, vua na pete na bangili mapema kabla vidole havijavimba. Mmwagie pale palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke dakika 20 kamili, bila barafu. Funika kwa kitambaa safi kisichonyonyoka. Kama ni mtoto, au ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, bodaboda iwashwe kuelekea kituo cha afya wakati dakika hizo 20 zinahesabiwa. Malengelenge hayapasuliwi. Unga wa ngano, majivu, asali, ute wa yai na mafuta ya taa vyote vibaki jikoni, na yule bibi wa mtaa wa pili anayetemea mate dawa aombwe aombe kwa mbali.

Shemeji akija mbio na dawa ya meno mkononi, mshukuru, umpe na mswaki.